Nimejaribu kugeuza darasa bila vifaa nikakwama: je, niache?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa Fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa, na huu ni mwaka wangu wa 9 kazini. Ninafundisha mikondo miwili, mmoja una wanafunzi 58 na mwingine 61, na kila kipindi ni cha dakika 40. Shule ina kompyuta moja ya ofisini, umeme unaokuja na kukatika, na vitabu vya kiada ambavyo tukivigawa vizuri vinatosha kitabu kimoja kwa wanafunzi watatu.

Muhula uliopita nilihudhuria semina ambamo mwezeshaji alitueleza habari za darasa lililogeuzwa, yaani utaratibu ambao mwanafunzi hukutana na somo jipya kabla ya kipindi, kisha muda wa darasani hutumika kwa mazoezi, majadiliano na majaribio. Wazo hilo lilinivutia kwa sababu moja. Katika vipindi vyangu vya kawaida nusu saa nzima huishia ubaoni, kengele hulia ndipo tunafika kwenye hesabu, na hesabu hizo ndizo wanafunzi wanazokwenda kuzifanya peke yao nyumbani, mahali ambapo wakikwama hawana wa kumwuliza.

Nilirekodi video 6 kwa simu yangu kuhusu mada ya kuelea na kuzama, nikaanza kuzituma katika kundi la WhatsApp la wazazi. Siku ya kipindi cha kwanza niliuliza ni nani aliyeitazama, na katika mkondo wa wanafunzi 58 iliinuliwa mikono 14. Wengine walisema simu ya mzazi ilikuwa safarini, wengine bando lilikwisha, wengine wakakiri tu kwamba walisahau. Niliona siwezi kuendelea na wanafunzi 14, nikalifundisha somo lote upya ubaoni. Video ya pili ilitazamwa na 9. Ya tatu sikuuliza. Mwanafunzi mmoja mwenye bidii aliniambia kwa adabu zote, "Mwalimu, kama utalirudia, basi mimi nitakusubiri darasani." Sikuwa na la kumjibu.

Baada ya hapo mzazi mmoja alilalamika kwa mkuu wa shule kwamba nimewaachia watoto wajifundishe wenyewe, na mkuu akaniuliza nitaimaliza vipi silabasi. Wenzangu ofisini sasa wananiita Bwana Video.

Ninauliza mambo mawili. Je, mbinu hii ni ya shule zenye vifaa tu? Na kama sivyo, nifanye nini na wanafunzi wanaoingia darasani bila kujiandaa, maana hapo ndipo nilipokwama hasa?

Ni mimi,
Mwalimu Aliyekwama

JIBU

Mwalimu mpendwa,

Nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo lililobeba la kwanza. Kilichokwamisha jaribio lako hakikuwa simu wala bando. Kilikuwa kile kipindi ulichokirudia. Siku uliposimama ubaoni na kulifundisha somo lote upya, darasa zima lilijifunza jambo moja lisilo la Fizikia, kwamba kazi ya kujiandaa si ya lazima kwa sababu asiyeifanya atalipiwa na mwalimu. Wale 14 walijifunza zaidi ya hapo. Waliona kwamba aliyejiandaa ndiye anayepata hasara, kwa kuwa hulazimika kukaa dakika 40 akisikiliza jambo alilokwisha kulielewa. Yule mwanafunzi wako alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kushuka kutoka 14 hadi 9 hakukutokana na uvivu, na ninaamini kwamba hata kama kila mtoto angekuwa na simu yake mwenyewe na bando lisilokwisha, bado ungefika mahali hapo hapo, pengine kwa kuchelewa wiki moja au mbili.

Sikulaumu kwa kurudia. Ni vigumu mno kwa mwalimu mwenye dhamira kuwaona wanafunzi 44 wakiwa hawajui lolote na kuwaacha hivyo. Lakini kati ya kuwaacha na kuwarudia kuna njia ya tatu, nami nitaieleza kwa urefu baada ya kuondoa kwanza dhana ya video, maana naona semina ilikupa chombo ikasahau kukupa kazi ya chombo hicho.

Kugeuza darasa ni kubadilishana nafasi kwa mambo mawili. Jambo jepesi, yaani kukutana kwa mara ya kwanza na maelezo, hupelekwa mahali ambapo mwanafunzi hana mwalimu. Jambo gumu, yaani kuyatumia maelezo hayo katika hesabu na hoja, huletwa mahali ambapo mwalimu yupo. Hakuna popote katika maelezo hayo panapotajwa video. Katika chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani, Sylvanus Thayer, aliyekuwa mkuu wa chuo hicho kuanzia 1817 hadi 1833, aliweka utaratibu wa wanafunzi kusoma somo katika kitabu kabla ya kipindi, kisha kuja kusimama mbele ya ubao na kufanya hesabu huku mwalimu akiwahoji. Mwaka 2000 wahadhiri watatu wa uchumi, Maureen Lage, Glenn Platt na Michael Treglia, walieleza jinsi walivyoligeuza darasa lao la chuo kikuu, na wanafunzi wao walikuwa huru kujiandaa kwa kitabu, kwa kanda za video au kwa karatasi zilizochapishwa. Hata Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa Kemia wa sekondari huko Colorado ambao kuanzia 2007 ndio waliolifanya jina la mbinu hii lienee, walianza kurekodi masomo kwa sababu wanafunzi wao walikosa vipindi mara kwa mara kutokana na safari ndefu za michezo, na wale wasiokuwa na intaneti nyumbani walipewa somo hilo katika diski. Video ilikuwa jibu la tatizo lao. Tatizo lako ni lingine, kwa hiyo jibu lako laweza kuwa ukurasa mmoja wa karatasi.

Ninaposema ukurasa mmoja sina maana ya kuwaambia wanafunzi, "Someni kuanzia ukurasa wa 40 hadi wa 52." Agizo la namna hiyo halimsaidii mtu, kwa sababu kitabu cha kiada kimeandikwa kwa kudhani kwamba mwalimu atakuwepo kukifafanua. Ukurasa ninaouzungumzia unauandika wewe, na una wazo moja tu. Tuchukue mada yako ya kuelea. Wazo la ukurasa wa kwanza liwe hili: kitu kilichozamishwa katika maji husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa. Lieleze kwa sentensi fupi kama unavyomweleza mtoto mmoja aliyekuja ofisini kukuuliza. Kisha weka mfano mmoja uliofanywa hatua kwa hatua, usiruke hata hatua unayoiona ya kitoto, na mchoro mmoja wenye mishale. Halafu maswali matatu: la kwanza jibu lake limo ndani ya maelezo, ili asomaye ajue kwamba amesoma, la pili linamtaka atumie wazo hilo kidogo nje ya mfano, na la tatu ni lile lile kila siku, "Andika sentensi moja kuhusu mahali ambapo hukuelewa." Swali hilo la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, na nitalirudia. Kazi nzima isizidi dakika 15 kwa mwanafunzi wa kawaida. Ikizidi, umeweka mawazo mawili.

Kuhusu nakala, usihesabu wanafunzi 119. Una vitabu vya kugawana watu watatu, basi uwe pia na vikundi vya watu watatu: mkondo wa 58 utakuwa na vikundi 19, kimoja kikiwa na watu wanne, na mkondo wa 61 utakuwa na vikundi 20. Hizo ni nakala 39 kwa mikondo yote, na zikikusanywa baada ya kipindi zitatumika tena mwaka ujao. Kama hata 39 ni nyingi, andika ukurasa huo kwenye karatasi kubwa na uubandike ukutani siku moja kabla, au uandike pembeni mwa ubao nao waunakili katika dakika za mwisho za kipindi kilichotangulia. Kunakili kunakula muda, lakini ni muda mfupi kuliko ule unaoupoteza sasa kwa kueleza.

Sasa kuna jambo ambalo mwezeshaji wa semina huenda hakulitaja, nalo ni zito kuliko vifaa. Nyumbani kwa wanafunzi wengi kinachokosekana si simu tu, ni wakati. Kuna anayefika akakuta kazi za nyumbani zinamsubiri, kuna anayelea wadogo zake, na kuna ambaye giza likiingia hana taa ya kusomea. Ukiliweka somo jipya nyumbani bila kuliangalia hilo, utakuwa umewapa mbele wale ambao tayari wako mbele. Kwa hiyo neno "nyumbani" katika maelezo ya mbinu hii ulisome kuwa "kabla ya kipindi". Wanafunzi watatu wanaweza kusoma ukurasa wao shuleni kabla ya kuondoka, asubuhi kabla ya kengele, au katika kipindi kisicho na mwalimu, ambacho sijui shule isiyokuwa nacho. Na inapobidi wausome ndani ya kipindi chako mwenyewe: dakika 12 za mwanzo kila kikundi kinasoma kimya na kuandika majibu, kisha kazi inaanza. Baadhi ya walimu hukataa kukuita huku kugeuza darasa. Mimi sioni haja ya kubishania jina. Dakika 12 za kusoma zikifuatwa na dakika 28 za kazi ni bora mara nyingi kuliko dakika 30 za ubaoni zikifuatwa na kengele.

Nirudi sasa mlangoni, pale ulipokwama. Fanya hivi. Kila mwanafunzi aingie darasani akiwa na majibu ya maswali matatu ndani ya daftari lake. Yeye mwenyewe, hata kama amesoma na wenzake. Unapita kati ya madawati ukitazama tu kama yameandikwa, huyasahihishi, na kazi hiyo kwa wanafunzi 58 huchukua kama dakika tatu ukizoea, hasa ukimpa kiongozi wa kila kikundi jukumu la kuyaweka madaftari wazi. Asiyeandika hapigwi, hatolewi nje, hadhihakiwi. Anakwenda upande mmoja wa darasa, anapewa ukurasa ule ule, anausoma na kuandika majibu wakati wenzake wamekwisha kuanza kazi, na akimaliza anarejea kikundini mwake. Amepoteza dakika 10 au 15 za sehemu inayovutia, na hakuna aliyepotezewa zaidi yake.

Katika utaratibu huu mambo mawili yanashikilia kila kitu. La kwanza, wewe huelezi tena yaliyomo katika ukurasa, hata uombwe vipi. Unaweza kujibu swali mahususi. Huwezi kulitoa somo. La pili, kazi inayofanyika darasani lazima iwe ya aina ambayo asiyesoma hawezi kuifanya na aliyesoma anaifurahia. Kama kazi yenyewe ni maswali ya kunakili kutoka kitabuni, hakuna atakayejuta kukaa pembeni. Tarajia siku ya kwanza upande ule uwe na watu 40. Utatamani kurudi ubaoni, na watakuangalia wakikungoja urudi, maana wanakukumbuka. Usirudi. Wakishaona mara tatu au nne kwamba hurudi, idadi itapungua, ingawa sikuahidi kwamba itafika sifuri. Katika kila darasa hubaki wachache, na wengi wao ukiwauliza faraghani utakuta wana sababu inayohitaji msaada wa aina nyingine, ama hawasomi vizuri lugha ya kufundishia, ama wana mambo nyumbani ambayo hawakutaka kuyasema mbele za watu. Kwa wale wenye shida ya kusoma, mwenzao mmoja wa kikundi awasomee kwa sauti. Huo si udanganyifu.

Na lile swali la tatu, la mahali ambapo hawakuelewa? Wakati unapita kutazama madaftari, macho yako yawe hapo tu. Ukikuta wanafunzi 20 wameandika kwamba hawajui kwa nini uzito wa maji ndio unaohesabiwa na si uzito wa kitu, umejua kwa dakika tatu kile ambacho kwa kawaida ungekijua baada ya kusahihisha mtihani. Hapo ndipo una ruhusa ya kushika chaki, kwa dakika tano, kueleza jambo hilo moja.

Baada ya hapo weka swali. Namna ninayoipendekeza ni ya Eric Mazur, profesa wa Fizikia wa Harvard, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 aligundua kwamba wanafunzi wake walikuwa wakikokotoa hesabu ngumu bila kuelewa mambo ya msingi, akaacha kuhutubia, akawataka wasome kabla ya kipindi, na ndani ya kipindi akawa anawapa swali moja la dhana na majibu ya kuchagua. Kila mmoja hufikiri peke yake na kupiga kura, kisha humgeukia jirani aliyechagua jibu tofauti na kujaribu kumshawishi, kisha hupiga kura mara ya pili. Waliopata wakiwa chini ya kama asilimia 30 katika kura ya kwanza, wazo halijaeleweka, nawe hueleza. Wakiwa zaidi ya asilimia 70, unasonga mbele. Katikati ya hapo ndipo mabishano yanapozaa matunda. Vyuo vilivyojiweza vilinunua vifaa vya kielektroniki vya kupigia kura hizo. Mwaka 2008 Nathaniel Lasry, mtafiti wa Kanada, alichapisha ulinganisho wa wanafunzi waliotumia vifaa hivyo na waliotumia kadi za kawaida, na hakuona tofauti ya maana katika kiasi walichojifunza. Kwako wewe hata kadi si lazima: kidole kimoja kwa jibu A, viwili kwa B, vitatu kwa C, mkono ukiwa umebanwa kifuani ili jirani wa nyuma asiige.

Swali lenyewe kwa mada yako liwe hili. Kopo linaelea katika chombo cha maji, na ndani ya kopo kuna jiwe. Jiwe linatolewa na kudondoshwa majini, likazama hadi chini. Je, kina cha maji katika chombo kitapanda, kitashuka, au kitabaki vilevile? Wengi watasema kitapanda, kwa sababu jiwe limeingia majini; wengine watasema kitabaki vilevile, kwa sababu jiwe ni lile lile. Jibu ni kwamba kitashuka. Chukua jiwe la gramu 540 lenye ujazo wa sentimita za ujazo 200. Likiwa ndani ya kopo linaloelea, lazima liondoe maji yenye uzito sawa na wake, yaani sentimita za ujazo 540. Likiwa chini limezama, linaondoa maji ya ujazo wake tu, yaani 200. Mwanafunzi aliyesoma ukurasa ana kila kinachohitajika kufikia jibu hilo, ila hajapewa jibu. Waache wabishane kwa dakika nne, wapige kura tena, kisha ulifanye jaribio mbele yao. Chombo kiwe chembamba na jiwe liwe kubwa kadiri kopo linavyoweza kulibeba bila kuzama, la sivyo tofauti ya kina itakuwa ndogo mno kuonekana kutoka dawati la nyuma, na utakuwa umethibitisha kwamba Fizikia ni uongo. Weka alama ya kina kwa kalamu kabla ya kuligusa jiwe.

Muda unaobaki, ambao ukijipanga utakuwa kama dakika 20, ni wa zile hesabu ulizokuwa ukiwapa waende nazo nyumbani. Wanazifanya watatu watatu, nawe unazunguka. Usikae mezani kusahihisha madaftari ya darasa jingine, kwa sababu faida yote ya kugeuza darasa imo katika kuzunguka huko: unamwona anayegawanya mahali pa kuzidisha papo hapo anapofanya hivyo. Beba daftari dogo, na kila kipindi andika majina ya wanafunzi wanane uliozungumza nao. Baada ya vipindi vinane utakuwa umemfikia kila mmoja wa wale 58, jambo ambalo nina shaka kama limewahi kutokea katika miaka yako 9, nasi wengine tuliofundisha madarasa makubwa hatukuwa bora kuliko wewe.

Video zako 6 usizifute. Ziweke katika simu yako, na kikundi kilichokosa kipindi kwa ugonjwa au sababu nyingine kizitazame kwa zamu wakati wenzao wanafanya hesabu. Simu moja inatosha watu watano wakikaa karibu. Unaweza pia kuzipitisha kwa Bluetooth au kwa kadi ya kumbukumbu kwa wale wachache wenye simu, bila bando lolote kutumika, mradi hakuna kitakachokuwa ndani ya video ambacho hakimo katika ukurasa. Mara tu video inapobeba jambo la ziada, umerudisha ubaguzi uliotaka kuukwepa. Nafasi yake ni kwa mambo ambayo karatasi haiwezi kuyaonyesha, kama vile mwendo wa kitu kinachozama polepole.

Tahadhari moja kuhusu yale yasiyofaa kugeuzwa. Jaribio lenye hatari, kwa mfano la umeme au asidi, lianze mbele ya mwalimu kwa maelezo ya mdomo. Mada ambayo uzuri wake umo katika kushangaa pia isitanguliwe na karatasi. Kuna masomo ambayo ni bora mwanafunzi akutane na fumbo kwanza, akosee, ndipo apewe maelezo. Kwa kipimo changu, katika vipindi vinne vya wiki, kimoja au viwili vilivyogeuzwa vinatosha kwa muhula wa kwanza. Nawe hutaweza kuandika kurasa nyingi zaidi ya hizo bila kuchoka.

Kwa mkuu wa shule, usiende na nadharia. Nenda na pendekezo dogo: mada moja, mkondo mmoja, wiki nne, na mtihani ule ule kwa mikondo yote miwili mwishoni. Huo hautakuwa utafiti, kwa kuwa mikondo miwili haifanani na huenda mmoja ulikuwa na nguvu tangu mwanzo, kwa hiyo chukua na alama zao za mtihani uliotangulia ili utazame ni nani amepanda kutoka alipokuwa. Kuhusu silabasi, mwambie ukweli: wiki mbili za kwanza utakwenda polepole kuliko kawaida, kisha utaokoa muda kwa sababu hutalazimika kurudia mada nzima kabla ya mtihani.

Yule mzazi alikuwa na hoja, nami ningemwita. Alichokiona kutoka nyumbani ni mtoto aliyetumiwa video na kuambiwa ajitegemee. Mwonyeshe ukurasa, mwonyeshe maswali matatu, na mwombe jambo moja ambalo halihitaji ajue Fizikia wala awe na simu: kwamba siku mbili kwa wiki mtoto apewe dakika 15 kabla ya kazi nyingine, kisha amweleze mzazi kwa maneno yake mwenyewe alichosoma. Mzazi asiyejua somo ni msikilizaji mzuri, kwa sababu hawezi kumalizia sentensi ya mtoto.

Wenzako wanaokuita Bwana Video waache. Mmoja wao mwalike aje akusaidie kuhesabu vidole siku ya swali la kopo.

Ukurasa wako wa kwanza uandike kwa mkono kabla ya kuutolea nakala hata moja. Mchague mwanafunzi wa alama za kati, si yule mwenye bidii aliyekujibu, umpe ausome mbele yako, nawe usiseme neno. Kila anaposimama au kurudi nyuma kusoma tena sentensi, weka alama katika nakala yako. Hizo alama ndizo sehemu za kuandika upya jioni hiyo; kisha umtafute mwanafunzi mwingine kesho yake, na akipita bila kusimama zaidi ya mara mbili, ukurasa uko tayari.